Sishuki Kwenye Kiti Hiki

Miaka ile ya Zaïre, Kalemie tulikuwa na daktari mumoja tu wa meno, naye aliwatibu wafanyakazi wenye karti ya kazi na familia zao. Mimi niliuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Shavu lilipovimba hadi jicho likafungika, niliingia hospitalini nikaketi kwenye kiti chake.

«Mama, karti yako iko wapi?» muuguzi akauliza.

«Sina. Jino bovu ninalo.»

«Basi shuka!»

Nikashika kiti kwa mikono miwili. «Kodi ya soko ninyi wa serikali munaipokea bila kuniuliza karti. Sishuki.»

Daktari alinitazama, akaling'oa lile jino. Juma lililofuata nilirudi na wauzaji wenzangu, tukajaza baraza mpaka mukubwa wa hospitali akakubali kuwapokea wasio na karti kila Alhamisi. Wenzangu walimupigia makofi. Mimi sikupiga: kodi yetu waliipokea kila siku, si Alhamisi tu.