Sarafu ya Bibi Mwanaidi

Mimi ni sonara hapa Kilosa, na kujifanya najua ndiyo ugonjwa wangu. Jirani yangu, Bibi Mwanaidi, aliniletea sarafu ya fedha aliyoachiwa na baba yake, mfanyakazi wa reli, nimtafutie mnunuzi apate mabati ya nyumba. Nikaisugua kwa majivu na limau hadi ikameta, kisha tukaipeleka Mikumi, nikajitambulisha kwa mnunuzi kuwa sonara.

Mnunuzi aliikagua kwa lenzi, akasikitika. "Ingekuwa daraja la kwanza, lakini imekwanguliwa. Sasa ni nusu bei. Nani kaisugua hivi?"

Bibi akadakia, "Ni mimi, mwanangu. Nilidhani ni uchafu."

Mungu ambariki bibi yule! Nikainua mikono kumshukuru, vidole vyote kumi bado vyeusi tii kwa kusugua.

Mnunuzi akavitazama, akamgeukia. "Bibi, sonara wako ana bahati."