Nereo Anajikuna Sikio

Binamu yangu Nereo Quezada alicheza besiboli ya kulipwa hapa San Pedro zaidi ya miaka kumi, na muda mwingi alikuwa amekaa. Alikuwa mdakaji wa akiba wa timu yetu, Wakata Miwa: mwenzake akiumia anaingia, akipona anarudi benchini na karanga zake. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji, kwa ishara za vidole, arushe mpira gani. Nereo alizijua ishara zote.

Krismasi moja meneja, Tejeda, akamwachisha kazi. "Magoti, Nereo. Magoti yamechoka."

Mahasimu wetu, Majogoo, wakamchukua kwa mkataba wa wiki moja. Mimi ndiye ninayempatania mikataba, na ndiye niliyeshikilia uwe mfupi. Akaja kibandani ninapouza kuku wa kukaanga, uso umemshuka.

"Dada Delfa, nitavaaje jezi nyekundu mbele ya mama? Mimi nataka kumalizia kwetu."

"Vaa. Ukikaa benchini, jikune sikio."

"Mbona haliniwashi?"

"Litawasha."

Siku Majogoo walipokutana na Wakata Miwa, Nereo hakutoa siri hata moja. Si mtu wa hivyo. Lakini Wakata Miwa, kwa hofu, walikuwa wamebadilisha ishara zote asubuhi ile. Kila Nereo alipogusa sikio, mrushaji wao alidhani anawafichulia Majogoo ishara, akasita, akamwita mdakaji, wakanong'onezana wameziba midomo kwa glavu, wakabadilisha tena. Mwishowe hawakuelewana wenyewe. Mdakaji akangoja mpira wa taratibu, ukaja wa kasi, ukampata kifuani puu! Uwanja mzima ukacheka. Mama yake Nereo akapaza sauti jukwaani, "Mwanangu, jikune na la pili!"

Majogoo walishinda, na Nereo hakuinuka hata mara moja.

Sijazima jiko, Tejeda huyo kibandani. "Mama Delfa, mwambie arudi. Amalizie msimu."

"Paja au kidari?"

"Sikuja kula."

"Msimu huu na ujao. Akistaafu, awafundishe wadakaji wako."

"Mtu aliyekaa tu?"

"Akikaa umeona kilichokupata. Ngoja asimame."

Akakuna kichwa, akavuta kiti. "Paja."

"Saini kwanza, ndipo nikaange."

Wiki ilipokwisha Nereo alikuwa benchini kwetu, jezi ya kijani, karanga mkononi, anacheka na kila mtu. Tejeda alimkataza jambo moja tu: asijiguse sikio.