Aliyesoma Milio ya Kotile

Wako watakaosema nilisinzia, au njaa ilinipanda kichwani. Sikusinzia, na nilikuwa nimekula. Ilikuwa alasiri, jua liko nje, redio inapiga kelele mbele yangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Garissa, msimu ule Mto Tana ulipofurika na simu zikazima mpaka kule Ijara.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba nikawalea wadogo zangu. Redio niliijua kwa baba. Alikuwa mtu wa taar, zile redio za zamani ambazo watu wetu walizitumia kutafutana na jamaa waliotawanyika, kuanzia Wajir hadi ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana kilipoanzishwa kikundi cha redio cha kujitolea, cha kusaidia wakati wa maafa, niliingia, nikajifunza, nikapata leseni.

Sasa nisikilize vizuri. Siku hizi haturushi sauti tu. Kompyuta hugeuza maandishi kuwa milio, redio huirusha, na kompyuta ya upande wa pili huirudisha kuwa maandishi. Uzuri wake ni kwamba milio hufika hata betri ikiwa imechoka, haiwezi tena kubeba sauti. Lakini lazima kompyuta zote mbili zitumie mfumo mmoja. Sisi wa Garissa tulikuwa na wetu. Wenzetu wa Kotile, kule chini ya mto, walikuwa wamefundishwa mwingine. Tuliitana kukubaliana, tukabishana mpaka soda zikaisha. Yusuf, kiongozi wetu, aliwaambia mfumo wao unatambaa kama kobe. Wakamjibu kwamba wa kwake unataka betri ya lori. Tukacheka, kila mtu akaenda kwao, na hakuna aliyebadilisha kitu.

Kisha maji yakaja. Mdogo wangu Hodan ameolewa Kotile, na mimba yake ilikuwa mwezi wa mwisho.

Alasiri hiyo Yusuf alikuwa ametoka kutafuta petroli ya jenereta. Milio ikaanza. Nilijua ni Kotile, maana hakuna mwingine aliyekuwa na mlio ule. Kioo cha kompyuta kikabaki kitupu. Nilibonyeza kila cha kubonyeza, lakini programu yao hatukuwa nayo. Umewahi kumsikia mtu akikuita kwa nguvu zake za mwisho, na wewe huambulii hata herufi moja? Milio ilikatika, ikaanza tena.

"Aabo," mtu akasema nyuma yangu, "shika kalamu."

Kwetu Wasomali baba humwita mtoto *aabo*, neno lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Tangu tumzike baba hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Niligeuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Yusuf, na kikoi chake cha mistari ya kijani, kichwa amekiinamisha upande wa sikio linalosikia vizuri. Niamini, yeye hakunitisha. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nikimwita ataondoka.

"Mmekula leo?" akaniuliza.

Nikasema tumekula. Akaridhika. Akaisikiliza ile kelele kama unavyomsikiliza mtu anayeongea polepole, kisha akaanza kunisomea, neno moja moja, ili mwandishi asiachwe nyuma.

"Tumehama shuleni, maji yameingia. Tuko kwenye mwinuko wa tangi la maji. Hodan ana uchungu, damu ni nyingi. Leteni boti kabla ya giza."

Nilikuwa na swali langu la miaka mingi, kama nimewalea vizuri. Lilikuwa mdomoni. Sikuliuliza, kwa sababu milio ilikuwa ikiendelea na Hodan alikuwa ndani yake. Nikashika kipaza sauti nikamwita Komora, mwenye boti pekee ya upande ule. Kituo chake cha redio kilikuwa na umeme, na sauti ilifika. Alikuwa na petroli ya safari moja, na alikuwa anaelekea shuleni.

"Dada, watu wote wanasema shuleni," akajibu. "Nani amekwambia tangi?"

"Kotile wenyewe. Nimeandika maneno yao."

"Kwa ile mitambo yenu isiyoelewana?"

"Nenda kwenye tangi, Komora. Hodan ni mdogo wangu. Nikikosea, hasara ni yangu."

Kisha akasema, "Haya. Lakini nikikuta nyani watupu, utakuja kuwalea wewe."

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Yusuf aliporudi nilimwomba asikikalie kwanza. Alidhani kimevunjika, akaenda kuleta nyundo.

Komora aliwakuta kwenye tangi. Hodan alifikishwa hospitali akiwa hai, akajifungua mtoto wa kike. Barabara ilipofunguka, mtu wa redio wa Kotile alikuja kwetu, na kabla sijamwonyesha chochote akanitajia ujumbe aliorusha. Maneno yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kwenye mkutano uliofuata hakuna aliyebishana. Tulichukua mfumo mmoja, masafa mamoja ya kusikilizana, na namna moja ya kuandika ujumbe, yaani nani, yuko wapi, anahitaji nini. Yusuf alikuwa wa kwanza kuunyooshea mkono ule wa kobe.

Hodan nilimweleza yote, mtoto akinyonya. Hakuniambia nimeota. Aliuliza tu kama baba bado amekonda vile alivyokonda siku zake za mwisho. Nikamwambia hapana, amenawiri. Tukalia wote wawili.

Mpaka leo milio ikiingia, maandishi yanatokea kwenye kioo na kila mtu anasoma. Mimi huinamisha kichwa nikasikiliza pia. Nasikia kelele tu.

Kwa hiyo nyinyi wenye redio, popote mlipo, kaeni mkubaliane mapema, ardhi ikiwa bado kavu. Marehemu wetu walichoka vya kutosha walipokuwa nasi. Msiwaamshe kwa kazi ambayo nyinyi mngeimaliza kwa mkutano mmoja.