Nesi Aangukaye Kabla ya Kuguswa

Kila Alhamisi alasiri, kwenye maombi kule Mbagala, nesi wa zahanati huwa wa kwanza mstarini. Wenzake huanguka wakishaguswa na mchungaji. Yeye huanguka mkono ungali hewani. Auleria, ambaye kazi yake ni kuwadaka na kuwafunika khanga, ameshamzoea: kabla ya kuanguka, nesi simu keshaizima, viatu keshavivua, kilemba keshakikunja kiwe mto. Akifunikwa, vidole vyake vinavyonuka spiriti hucheza kidogo, kana kwamba vinamalizia kufunga bandeji, kisha vinatulia.

Juzi alikoroma. Wanakwaya wakabana vicheko. "Mwacheni," mchungaji akasema, "Bwana anashughulika naye." Ibada ikaisha, watu wakatawanyika, viti vikapangwa. Auleria akainama, akamgusa bega.

"Nesi, amka. Wenzio wote wameshainuka."

Akafumbua jicho moja. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Kuna mtu ananiita?"

"Wala."

Akavuta khanga mpaka puani. "Basi mie bado naombewa."

Auleria akachungulia mlangoni. Hakuna mtu. Akachukua khanga nyingine, akazima simu, akavua viatu.