Kibendera cha Mwalimu Nshombo

Nshombo aliitwa Mwalimu siku moja tu kwa wiki, Jumamosi, katika chumba cha chini cha kanisa huko South End, mtaa wa jiji la Louisville, Marekani. Siku nyingine alibandika lebo kwenye maboksi ghalani, na msimamizi wake hakuwahi kulitamka jina lake sawasawa. Kwao Bukavu, Kongo, alishika chaki miaka ishirini na sita. Mkewe alifia katika kambi ya wakimbizi. Binti yake yuko Buffalo, mwanawe yuko Columbus; wote hupiga simu Jumapili, wajukuu wakamsalimu kwa Kiingereza na kukimbia zao. Basi Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kuwa mtu.

Na kufundisha alijua, tusimpunje. Wanafunzi wake walikuwa akina mama ambao hawakuwahi kukaa darasani. Alibeba vipande vya maboksi kutoka ghalani, akachora picha, akaandika neno la Kiingereza chini yake. Waitazame picha, walitamke neno, kisha wafumbe macho na kuiona tena kichwani. Neno peke yake linateleza, alisema; lishikane mkono na picha, litakaa. Na yalikaa kweli. Mama Caritas, mjane aliyeishi Shively, kando ya jiji, alifikisha maneno arobaini kwa miezi mitatu.

Mama Caritas alikuwa akingoja barua moja tu: ya kumwita kwenye usaili wa uraia. Akiupata uraia, angeweza kumwombea Chimène, binti yake aliyebaki kambini Uganda, ruhusa ya kuja Marekani. Kwa ajili yake hasa, Nshombo alichora sanduku la barua juu ya nguzo, na kibendera chekundu ubavuni. Akamfundisha: kibendera kikiwa chini, hakuna kitu. Kikiwa juu, barua imefika.

Nani alimwambia Nshombo hivyo? Hakuna. Yeye anaishi ghorofani, ambako masanduku ni ya kufungua kwa ufunguo. Yale ya nguzo aliyaona kupitia dirisha la basi tu, na kule Bukavu hakuwahi kuletewa barua mlangoni. Aliona bendera, akaamini bendera hupandishwa kwa habari njema. Mtu mpweke huamini mambo kama hayo upesi.

Wiki saba Mama Caritas alichungulia dirishani kila mchana. Kibendera kilikuwa chini. Akarudi kukaa.

Wiki ya nane mtu wa posta akagonga mlango, mkononi ana furushi la barua lililofungwa kwa mpira, kwa sababu sanduku lilijaa hadi likashindwa kufungika. Jumamosi mama akalileta darasani. Nshombo alipitia matangazo ya pizza na ya madaktari wa meno mpaka akaifikia bahasha yenyewe. Siku ya usaili ilikuwa imepita siku tisa nyuma.

“Ule mutu wa posta alinionyesha kwa mikono,” Mama Caritas alisema. “Ile bendera ni mimi mwenyewe ya kuipandisha, kama niko na barua ya kutuma.”

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nshombo aliona aibu. Papo hapo akamwandikia Mama Caritas barua ya kuwaomba watu wa uhamiaji siku nyingine, na hakuna aliyejua kama watakubali. Kisha akachukua kipande kipya cha boksi, akachora sanduku lile lile, kibendera juu, na mkono wa mwanamke ukiingiza barua. Akamwomba aitazame, atamke neno, afumbe macho.

“Unaona nini, Mama?”

Mama Caritas alikuwa ameyafumba macho.

“Bon, niko naona ile ya kwanza, Mwalimu. Bendera iko juu, na barua iko ndani. Niko najaribu kuifuta, inakatala.” Akafumbua macho. “Ulifundisha muzuri sana.”

Miaka tisa Nshombo alikuwa amengoja mtu wa Louisville amwambie hivyo. Akageukia ubao na kuanza kuufuta, ingawa siku hiyo hakuwa ameandika kitu.