Pini Nyekundu kwenye Futi

Mimi nashona makava ya viti vya magari, karibu na stendi ya Msamvu. Kuendesha sijui. Lakini nimekalia magari mengi kuliko madereva wengi, maana nikishapima siti lazima niketi kidogo, nifumbe macho, nijiendeshe mwenyewe kuelekea Iringa. Mwenye gari akirudi ananikuta natabasamu peke yangu.

"Fundi, umefika wapi?"

"Mikumi. Nimesimama, tembo wanavuka."

Kwa hiyo mjomba aliposhuka kutoka mlimani akasema anataka kununua gari, na kwamba mimi ndiye wa kumsaidia kuchagua, nilipiga kigelegele mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Mjomba analima karoti na kabichi juu kabisa, jirani na misheni, ambako wakati wa mvua barabara ni korongo lililopewa cheo. Alitaka gari la juu, lakini siyo lile dude kubwa la wakubwa. La katikati.

"La karoti," alisema. Kisha akashusha sauti. "Na la mama."

Mama yake ndiye bibi yangu. Bibi aliuza mbuzi wake wawili nikapata cherehani, na cherehani yenyewe hajawahi kuiona. Magoti yamemkatalia kushuka mlima. Bodaboda aliapa hapandi: "Nimkumbatie kijana wa watu mchana kweupe, padri ananiona?" Kila nikienda kumsalimia ananiuliza cherehani hajambo, kama vile anauliza mtoto. Na sasa angekuja kuiona! Wiki ile nilishona zigizaga hata pasipotakiwa.

Nikanunua daftari. Kwenye yadi moja pale mjini kulikuwa na magari matatu ya kimo hicho: jeupe, la bluu na la kijivu. Nikapiga mistari, nikaandika: injini, mafuta, matairi, uvungu, buti, uzuri. Kila kitu nilikipa alama kumi, uzuri ishirini.

Jumamosi asubuhi mjomba akatokea yadini na tenga tupu begani. Dalali akalitazama.

"Shikamoo mzee. Na hilo tenga?"

"Marahaba. Hili ndilo litakalochagua."

Jeupe lilikuwa na mlango wa nyuma uliolala, tenga likagoma kuingia. "Mzee, hii ni ya kwendea harusini," dalali akajitetea.

"Kwani harusini hawali karoti?"

Kwenye la bluu, tenga liliingia wima kama limezaliwa humo. Uvungu wake, paka angepita na mkia juu. Mjomba alilizunguka mara tatu, akalipiga tairi teke la mapenzi. Mimi nikaingia siti ya mbele, nikafumba macho, nikaipita Iringa yenyewe. La kijivu hatukulisogelea hata. Siti zake zilikuwa zimechanika, sponji inachungulia nje. Uzuri: mbili.

Dalali akakubali tulijaribu la bluu mlimani, mafuta yetu. Lilipanda lile gari! Mjomba kwenye usukani, dalali kashikilia mpini wa juu ya dirisha anamtaja Mungu, mimi nyuma naimba. Migomba inapita, watu wa mashambani wanapunga majembe, na mimi nawapungia kama bibi harusi.

Bibi alikuwa mlangoni anatusubiri. Kanga mpya, kipochi kwapani, viatu vya Pasaka miguuni.

Akashika mlango wa gari, akainua mguu. Mguu ukafika nusu ya safari. Akainua tena. Mjomba akataka kumbeba, akachapwa kibao cha mkono.

"Mimi gunia?"

Jaribio la tatu hakulifanya. Alilipapasa gari ubavuni, akasema, "Zuri. Nendeni, mtanisimulia." Akageuka kuingia ndani kuvua viatu.

Vile viatu ndivyo vilivyonikata. Nikamfuata, machozi yamefika kwenye kope, nikamkuta anataka kukaa kitandani. Na hapo nikaona jambo ambalo kwenye daftari langu halikuwemo. Bibi hapandi kitanda. Alikipa mgongo, akarudi kinyumenyume mpaka godoro likamgusa nyuma ya mapaja, akajiachia. Kisha ndiyo akaiingiza miguu, mmoja, halafu mwenzake.

Mbona siti ni kitanda tu chenye mlango!

"Bibi, simama tena!"

Futi yangu ya kushonea haitoki shingoni, hata kanisani naenda nayo kwa kusahau. Nikapiga magoti, nikampima toka kisigino hadi pale godoro lilipomgusa.

"Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wetu, "unanipimia gauni au sanduku?"

"Nakupimia gari."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikachoma pini nyekundu kwenye futi, pale pale, tukarudi mjini.

Dalali akanitazama nikipiga magoti mbele ya magari yake. "Jamani. Asubuhi tenga, jioni futi. Kesho mtaniletea chungu?"

La bluu, siti ilikuwa juu ya pini kwa kiganja kizima. Jeupe, chini mno; bibi angezama, tumtoe kwa kamba. La kijivu, pini iligusa mshono wa siti. Iligusa kabisa! Nikapima upya, ikagusa palepale.

Mjomba alichukua tenga lake, akalijaribu kwenye buti la kijivu. Wima, halikuingia. Akalilaza, mlango haukufunga. Akageuka kulitazama la bluu, na mimi nikafunga mdomo, maana karoti ni zake na jasho ni lake.

"Lina keria juu," nikasema mwishowe, kwa sauti ya panya.

Akalipandisha tenga juu ya keria, akalitikisa. Akavuta pumzi.

"Haya. Karoti hazina magoti."

Tukalijaribu kwanza mlimani. Lilikwaruza tumbo kwenye jiwe moja tu, mjomba akalia kama ni tumbo lake. Kesho yake akalilipia, akapanda na sururu akaling'oa lile jiwe.

Na bibi? Alilipa gari mgongo, akarudi nyuma, siti ikampokea. Akaingiza mguu, akaingiza mwenzake. "Kumbe!" akasema, akaniamuru nifunge mlango kabla magoti hayajajua.

Pale Msamvu aliitazama cherehani kwa muda mrefu, mkono juu yake.

"Mbuzi walikuwa wawili. Mwingine yuko wapi?"

"Ndiye meza yake, bibi."

Akaridhika. Kisha akalitazama gari kupitia mlangoni, zile siti zilizochanika, akanigeukia mkali.

"Mwanangu anatembelea matambara na fundi tunaye?"

Akachagua kitambaa mwenyewe, cha maua mekundu ambayo mjomba asingeyachagua hata kwa fimbo. Kukanyaga pedali ya cherehani, magoti hayakukubali. Basi yeye akazungusha gurudumu kwa mkono, mimi nikasukuma kitambaa. Mshono ulikwenda upande kidogo. Sijaufumua.