Penseli ya Mwalimu Kasimba

Usiku ule nililala nimeuweka mkono wa kushoto kifuani, nikiviminyaminya vidole viwili vya mwisho kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Vilikuwa vimekufa ganzi tangu Jumapili. Mke wangu sikumwambia, wala wenzangu wa bendi. Mpiga gitaa akitangaza kwamba mkono umekufa, nani atamwita tena?

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta barazani kwa Mwalimu Kasimba, aliyenifundisha gitaa ujanani, na ni mchana, jua linawaka. Amekaa kwenye kile kiti chake kisicho na mikono, mgongo umenyooka, mguu wa kushoto juu ya tofali. Nilijua amekufa. Nilijua pia kwamba siku aliyozikwa mimi nilikuwa jukwaani Dodoma, napiga, nachezesha watu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akanisogezea tofali kwa mguu.

Nakaa. Nalipakata gitaa, napandisha mguu, nanyoosha mgongo, nimejaa aibu ya mtu mzima aliyerudishwa darasa la kwanza. Mwalimu anatoa penseli sikioni. Zamani aliipitisha kati ya kiganja chako na shingo ya gitaa; isipopita, siku hiyo hugusi hata uzi mmoja. Kwangu haikuwahi kupita. Nilijifunzia gitaa la kujiundia kwa galoni la mafuta, nyuzi zake waya wa breki za baiskeli, huwezi kuzibana bila kutumia nguvu zote, na mkono ukazoea kukaba. Mwalimu alinionya mwaka mzima kwamba mkono unaokaba mwishowe hufa. Nikamwona mzee msumbufu, nikaenda zangu bendi.

Anasukuma penseli. Haipiti. Anasukuma tena, taratibu, na uso wake una huzuni ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa hai. Nataka kumwomba radhi kwa yale mazishi niliyoyakosa.

"Legeza kidole gumba," akasema. "Gitaa halikabwi."

Nalegeza, lakini mkono si wangu tena. Ni mdogo, kucha zake zina hina ya sikukuu. Ni mkono wa Rehema, binti yangu, na vile vidole viwili vya mwisho ni vya baridi, havisogei. Baraza imekuwa sebule yangu. Nikapiga kelele, sauti haikutoka.

"Wewe ulinishinda, mwanangu," Mwalimu akasema. "Huyu usimharibu."

Nikaamka nimelowa jasho. Kumekucha, na sebuleni gitaa linalia. Nikatoka. Rehema amejikunja, kidole gumba kimechungulia juu ya shingo ya gitaa, kiganja kimegandamana na mti. Watu walikuwa wakiniambia anapiga kama mimi, nami nikivimba kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Acha kwanza."

Nikaenda uani, nikarudi na tofali. "Weka mguu hapa. Nyoosha mgongo. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, nisikione."

"Mbona wewe hushiki hivyo?"

Nilitamani kumdanganya. Badala yake nikachukua penseli yake ya shule, nikampa, nikamnyooshea mkono wa kushoto. "Nichome hivi viwili vya mwisho."

Akachoma kwa woga. Kisha akachoma kwa nguvu zaidi, akinitazama usoni, akisubiri nishtuke. Sikushtuka.

Akaiweka penseli chini, akapandisha mguu juu ya tofali.